Nyumba Kubwa, Mtu Mmoja: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu mtu yule yule kwa sura tofauti: mzee aliyebaki peke yake katika nyumba iliyozoea watu kumi. Wengi mnauliza mumpe nini cha kumpumbaza. Tumechagua barua zenye jambo la kufanyia kazi, na zilizofanana tumezijibu pamoja.

Assalamu alaykum. Mama yetu ana miaka 71. Baba alifariki, mama akakaa eda, na tangu amalize, mwaka sasa, hatoki. Yuko peke yake katika nyumba ya mawe Mkomani. Sisi watoto tuko Mombasa. Tumemnunulia televisheni kubwa. Huiwasha asubuhi mpaka usiku, husinzia mbele yake, kisha saa nane za usiku yu macho na anatupigia simu. Tufanyeje? (Binti yake)

Waalaykum salaam, binti. Tuanze na usingizi, maana ndio mwepesi kurekebisha. Piga hesabu. Akipanda kitandani saa mbili, mara tu baada ya Isha, na kuamka saa nane, keshalala saa sita. Ongeza saa mbili za kusinzia kwenye kiti mchana, zimetimia nane. Huyo hakukosa usingizi, ameupanga vibaya. Usimtafutie vidonge vya kulalia. Kwa mtu wa umri wake vidonge hivyo huleta kizunguzungu na kuanguka, na ngazi za nyumba za mawe hazisamehi.

Kulala mchana kusizidi nusu saa, na kuwe kumekwisha kabla ya saa tisa. Usiku aingie kitandani saa nne, aamke saa kumi na moja kwa Alfajiri, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Jua likichomoza akae dakani, kwenye kibaraza cha mlango wa nje, nusu saa, apate mwanga wa asubuhi machoni. Wiki ya kwanza atachoka kuliko zamani, na hapo ndipo wengi huacha. Mpeni wiki mbili.

Televisheni si haramu wala si dawa. Kipindi kimoja anachokipenda, chenye mwanzo na mwisho, hakina neno. Ubaya wake ni kwamba haimngojei: akiwepo inasema, asipokuwepo inasema vile vile. Mama yenu amekaa miaka mingi akingojewa kila saa, na mume, na watoto, na chungu jikoni. Eda ni miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha alikuwa huru kutoka, ila hapakuwa tena na mtu wa kumwambia amechelewa.

Kwa hiyo msimuulize angependa kufanya nini. Atasema "mimi sitaki kitu," na ni kweli, kwa sababu hamu huja baada ya kazi kuanza. Muulizeni hivi: baba alipokuwa hai, saa kumi na moja jioni ulikuwa wafanya nini? Jibu huwa dogo. Kuchoma mkate wa mofa, kumpelekea jirani sahani, kutunga asumini. Chagueni moja tu kati ya hayo.

Tuseme ni asumini. Anzeni na ndoo mbili, si kumi. Ndoo kuukuu ya lita 10 yatosha. Ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa hataweza hata kuisogeza. Toboeni matundu matano au sita chini. Changanyeni makopo mawili ya udongo, kopo moja la mchanga na kopo moja la samadi ya punda, ambayo Lamu haina uhaba. Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi hata harufu imekwisha. Mbichi huunguza mizizi. Mchanga usiwe wa ufukoni, una chumvi. Maji nayo yaangaliwe: kisima kikiwa cha maji ya chumvichumvi, ncha za majani hugeuka kahawia kama zilizopitishwa pasi, na mwenye mti hudhani una kiu, akazidi kuumwagia maji yale yale. Kingeni ya mvua, au mtumie ya bomba.

Kateni vijiti vya sentimita 10 hadi 15 kutoka mti wa asumini wa jirani, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota. Ondoeni majani ya chini, vifundo viwili viingie udongoni. Vikae kivulini wiki nne hadi sita mpaka vishike mizizi, kisha vipate jua kama saa sita kwa siku. Kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kikiwa na kuta ndefu jua lake ni fupi, basi ndoo ziwekwe upande unaopigwa na jua la asubuhi. Darini pana jua zaidi, lakini asipande ngazi na maji mkononi. Inueni ndoo juu ya matofali zifike magotini asiiname, na amwagilie kwa jagi la lita moja. Kisahani cha chini kimwagwe kila mara, mbu wa dengi huzaa humo. Mti ukishachanua ukatwe ncha, kwa kuwa maua mapya hutoka kwenye matawi machanga.

Matumba huchumwa saa kumi na moja jioni, yakiwa yamevimba na kuwa meupe lakini hayajafunguka. Sindano nyembamba ipite kwenye kikonyo. Ikipita kwenye ua lenyewe, ua huwa jeusi. Yakishatungwa hufunguka baada ya Magharibi na ndipo harufu inapotoka. Ukingoja kuyachuma asubuhi umepata maua yaliyochoka. Sasa mwendeeni jirani mmoja, mwenye binti au mwenye harusi mlangoni, mkubaliane aje kuchukua kikuba cha asumini na mrehani kila Alhamisi baada ya Magharibi. Asije kumtazama mgonjwa. Aje kuchukua maua, na asipoyakuta alalamike kidogo. Hiyo lalama ndiyo tunayoitafuta.

Kupima maendeleo msitumie daftari. Wekeni kopo na komwe kumi karibu na kitanda. Siku iliyokuwa na jambo moja zuri, atie komwe moja kabla ya kulala. Ijumaa mpigieni, mzihesabu pamoja. Wiki ya kwanza ikiwa na mbili na ya nne ikiwa na tano, mko njiani. Zikibaki sifuri wiki mbili mfululizo, someni jibu letu la bibi wa Shela hapa chini.

Na kosa moja la watoto wenye mapenzi: mkimwajiri msichana wa kazi, asimpokonye mama kila kitu. Afue mashuka, abebe maji, apande darini. Kupika wali wake mama na kumwagilia asumini zake, amwachie mwenyewe, hata akichelewa.

Nina miaka 76, mke wangu hayupo tena. Nilikuwa mchezaji wa bao. Siku hizi mkono unatetema, kete zinaniponyoka, na katikati ya mchezo nasahau nilikokusudia. Vijana wananicheka, nimeacha kwenda uwanjani Mkunguni. Je, bao lasaidia akili au ni kujidanganya? (Mzee wa Langoni)

Shikamoo mzee wetu. Kwanza mkono. Mtetemo uliokuja karibuni uonwe na daktari, kwani pengine ni dawa ya pumu, pengine tezi ya shingoni, pengine ni maradhi yanayotibika yakiwahiwa. Kwa sasa angalia ikiwa unazidi ukiwa na njaa au baada ya kikombe cha tatu cha kahawa chungu. Ukizidi, kunywa kimoja, na kisiwe baada ya Alasiri, maana kahawa hukaa mwilini saa nyingi na utailipia usiku.

Kete zinakuponyoka kwa sababu umeshika nyingi. Katika namua, hatua ya kwanza ya bao, mchezaji huanza na 10 ubaoni, yaani sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo karibu nayo, na 22 mkononi. Hizo 22 zitie kwenye bakuli la mbao upande wa mkono unaochezea. Kila zamu unachukua moja tu. Bao liwe juu ya meza nzito, si mapajani, na chini yake kitambaa lisiteleze. Wakati wa kusambaza, kiwiko kiegemee meza; mkono ulioegemea hutetema kidogo kuliko ulio hewani.

Ama akili, tusidanganyane. Hakuna aliyethibitisha kwamba bao huzuia ugonjwa wa kusahau. Linachofanya ni kukulazimisha uhesabu mbele: kete hizi tano zikitoka kichwani, shimo la mwisho wa safu, zitaishia shimo lipi, zitakula au zitalala. Na linakukalisha na mtu uso kwa uso. Kwa mzee anayeishi peke yake hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Kusahau kwenyewe kuna aina mbili. Kusahau ulikokusudia katikati ya mtaji mrefu, yaani zamu ndefu ya kula kete, ukakumbuka ukitulizwa, kumewapata hata mafundi. Kusahau sheria ulizozicheza miaka 40, au kupotea kwenye kichochoro cha Langoni ulichozaliwa nacho, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali ukiwa na mtu wa karibu atakayemweleza daktari alichokiona.

Mkunguni usirudi kwanza. Huko wachezaji ni wakali na watazamaji ndio wakali zaidi. Tafuta mshindani mmoja wa rika lako, mcheze dakani kwako siku mbili kwa wiki baada ya Alasiri. Siku ya tatu mwite kijana mmojawapo wa hao wanaocheka, peke yake, umfunze. Anza naye na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mashimo 32, zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo, hakuna namua wala nyumba. Mchezo huo ni mfupi na humchosha mkono kidogo. Kijana akiwa peke yake hachekicheki, na siku utakayorudi Mkunguni utakuwa na mtu upande wako.

Mama anashona kofia za mkono lakini anasema uzi mweupe hauoni tena. Aache? (Mwana wa Matondoni)

Uzi haujambo, ni mwanga na miwani. Jicho la miaka 70 huingiza mwanga kidogo sana kuliko la kijana, na vyumba vya ndani vya nyumba zetu vina giza hata adhuhuri. Ahamie kiwandani au dirishani kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mwanga umjie kutoka kushoto ikiwa anashonea mkono wa kulia, asijitie kivuli. Mapajani atandike kanga ya rangi nzito; kitambaa cheupe juu ya nguo nyeupe humpoteza hata mwenye macho mazima. Kila dakika 20 ainue macho atazame mbali, minazi au mashua.

Miwani ya sokoni ina nguvu sawa pande zote mbili, na macho ya wazee mara nyingi hayalingani. Apimwe. Ikiwa picha imekuwa na ukungu na taa za usiku zinatawanyika, huenda ni mtoto wa jicho, nao hutolewa kwa upasuaji mfupi. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, aone vizuri au asione. Akishindwa kabisa na matobo ya kofia, asuke ukili. Vidole hujua njia bila macho.

Baba ameacha baraza. Anasema watu wamekuwa wakimnong'ona. Tunaogopa amekuwa na dhana mbaya kwa wenzake. (Ndugu wawili, Lamu mjini)

Kabla ya kumdhania dhana, mwangalieni masikio. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za *s*, *f*, *sh* na *t*. Anasikia kwamba mtu amesema, hajui amesema nini. "Saa sita" na "saa tisa" kwake zimekuwa moja. Watu wakicheka naye hakupata neno, anajaza mwenyewe, na mtu hujaza kwa ubaya. Wanaoachana na baraza kwa sababu hii ni wengi kuliko wanaoachana kwa ugomvi.

Pengine ni nta tu. Akiwa hana maumivu, usaha, wala ngoma ya sikio iliyotoboka zamani, mtie matone mawili au matatu ya mafuta ya zeituni yenye joto la mwili, usiku, kwa siku tatu hadi tano, alalie upande wa pili dakika tano. Vijiti vya pamba vitupwe. Huisukuma nta ndani ikawa kizibo. Isipotoka, hospitalini husafishwa.

Barazani akae mgongo ukiwa ukutani, sikio lenye nafuu likielekea watu, mbali na upande wa boti za mashine. Wenzake wawili waambiwe kwa siri wasimpigie kelele, kwani kelele huzidisha sauti nene na kuzifunika zile nyembamba. Wamtazame usoni, waseme polepole, na jambo asilolielewa waliseme kwa maneno mengine. Akaribie kwanza kikundi cha watu watatu. Kumi ni wengi mno kwake.

Bibi yangu wa Shela ana miaka 80. Chakula hali, anasema "nangoja siku yangu." Jirani mmoja asema ni jini, mwingine asema ni uzee. (Mjukuu)

Uzee peke yake haumkoseshi mtu hamu ya chakula na ya watu. Kinachokuhusu ni sonona, huzuni iliyokuwa maradhi, na kwa wazee mara nyingi haiji na machozi. Huja na "mwili wauma," na kukonda, na kuamka usiku wa manane, na kuacha kilichokuwa kipenzi chake. Bibi aliyekuwa hakosi kisomo cha wanawake akaacha, ni alama kubwa kuliko kulia. Ikifika wiki mbili, karibu kila siku, mpeleke hospitali.

Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na za miti shamba pia. Omba apimwe damu, sukari na tezi. Ikiwa ametumia metformin miaka mingi, mkumbushe daktari kuhusu vitamini B12, kwani dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huleta uchovu na usahaulifu unaofanana na haya. Akiandikiwa dawa za sonona, zahitaji wiki nne hadi sita kuonyesha nguvu, na haziachwi ghafla siku anapojisikia vizuri.

"Nangoja siku yangu" kwa muumini wa miaka 80 huenda ni maneno ya kawaida, huenda sio. Muulize waziwazi, mkiwa wawili: bibi, umewahi kufikiri kujidhuru? Swali halimtii mtu fikra ambayo hakuwa nayo. Akisema ndiyo, au akiwa anaweka vidonge akiba, asiachwe peke yake, dawa za wadudu na vidonge vya ziada vitoke nyumbani, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Vile vile ikiwa alikuwa mzima juzi na leo anachanganya watu na mahali: hilo si huzuni, mara nyingi ni ambukizi la mkojo au kifua, au kukaukiwa na maji, na kutoka Shela hadi hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, ni safari fupi kwa boti.

Kisomo msimkataze. Kisomewe asubuhi, dawa inywewe jioni, hakuna kinachomzuia mwenzake. Tunachokikataa ni kufunga chakula kwa siku kadhaa kwa amri ya mganga.

Mzee akipigiwa video kila siku, yatosha? (Mwana aliye Nairobi)

Ikiwa na saa yake, yasaidia. Mara tatu kwa wiki saa moja na nusu usiku bila kukosa ni bora kuliko kila siku wakati wowote, maana mzee hushinda akingoja na simu isipolia hulala na kinyongo. Simu isimame kwenye kidaka cha ukutani, si mkononi, usije ukazungumza na dari. Na usiulize "umekula?" Omba kitu: nikumbushe mchuzi wa papa waanza na nini, au shamba la babu lilipakana na nani. Ukipewa jibu, lipike, na kesho kutwa mpe habari.

Bi mkubwa wetu ana paka saba. Tunataka tuwaondoe wakati amelala, ni wachafu. Mnasemaje?

Msifanye. Mtaamka na mzee aliyefiwa mara ya pili. Paka humwamsha, humdai chakula, humpa la kumsimulia jirani. Hatari yao ni moja kubwa, miguuni usiku: paka mweusi kwenye ukumbi wenye giza ameshavunja nyonga nyingi. Wekeni taa ndogo isiyozimwa kati ya kitanda na choo, chakula cha paka kiwe kiwandani saa kumi na mbili jioni kisha mlango wa chumba ufungwe, na bakuli lisiwekwe njiani. Muwahasini akipatikana daktari wa mifugo, wasifike kumi na nne. Akikwaruzwa, paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Aking'atwa, au akikwaruzwa hata ngozi ikachubuka, baada ya kuosha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama paka ni wake mwenyewe.